Tusimcheke anayelilia timu yake

SIMU iliita karibu saa kumi alfajiri, Ijumaa ya tarehe 18 Machi, 2022. Mtu yeyote aliyewahi kuishi kambini anajua simu ya saa hiyo ina maana gani. Niliketi kitandani, nikaona ni namba ya mdogo wangu anayeishi Lexington, jimbo la Kentucky nchini Marekani, nikajua tumepata msiba. Nilipopokea nikamsikia mwanaume wa miaka 34, baba wa watoto watatu, analia kwa kwikwi.

"Dada, tumefungwa," akasema.

Nikadhani wametiwa ndani. Nikamuuliza wamekamatwa kwa kosa gani, na watoto wako wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapana, dada. Timu. Timu yetu ya chuo kikuu imetolewa."

Leo, ndugu msomaji, nataka kukiri nilichomjibu usiku ule, kwa sababu nimekuja kugundua kwamba si mimi peke yangu ninayejibu hivyo. Nilimwambia: "Unanikatizia usingizi kwa sababu ya mpira? Sisi tuliopoteza nchi, tukapoteza shamba, tukampoteza baba? Mbona siku tuliyomzika mama hukulia hivi?"

Akasema, "Sawa, dada, lala salama." Akakata simu. Hakunipigia tena kwa wiki saba.

Niseme kwanza sisi ni akina nani. Wazazi wetu waliikimbia Burundi mwaka 1972 wakaenda Uvira, Zaire ya wakati ule. Mimi na mdogo wangu tulizaliwa huko, na shule ya msingi niliisomea huko. Vita vilipoingia Kivu mwaka 1996 tulikimbia tena, safari hii kwa boti. Tukavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na mwisho tukapelekwa kambi ya Mtabila, wilaya ya Kasulu. Baba hakuvuka nasi. Sekondari niliisomea Mtabila, daftari moja kwa masomo matatu. Mama alifariki huko mwaka 2004. Mimi nilikuwa na miaka 24, mdogo wangu 16. Marekani ilipoanza kuwachukua wakimbizi wa 1972 kutoka kambi zile, jina lake lilitoka, akaondoka mwaka 2008. Mimi nilikuwa nimeolewa, faili langu lilikuwa jingine. Mwaka huohuo mimi na mume wangu tulipanda lori la kurudi Burundi, nchi ambayo sikuwahi kuiona kwa macho yangu. Leo nafundisha huku Mabanda, si mbali na mpaka wa Mugina.

Mtu mwenye historia kama hiyo akisikia mtu analilia mpira, ulimi wake huwa mwepesi sana. Lakini ulimi hauna mfupa, na ule wa kwangu ulimuumiza mtu niliyemlea.

Tuanze na hilo la timu, maana wengi wetu huku tunazijua Simba na Yanga, tunazijua Arsenal na Manchester, lakini mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani hatuujui. Kule, timu ya chuo kikuu si ya wanafunzi peke yao. Kentucky haina timu katika ligi kuu ya kulipwa ya kikapu, ile NBA, kwa hiyo timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ndiyo timu ya jimbo. Mkulima ni wake, dereva wa lori ni wake, daktari ni wake. Uwanja wao wa Rupp Arena unachukua watu zaidi ya 20,000. Timu hiyo imetwaa ubingwa wa vyuo vya nchi nzima mara nane, mara ya kwanza mwaka 1948 na ya mwisho mwaka 2012. Ni UCLA ya California tu iliyoupata mara nyingi zaidi, mara 11.

Ubingwa huo hutafutwa kila mwezi Machi. Timu 68 huingia katika mashindano ambayo ukifungwa mara moja tu unafungasha virago. Wamarekani wenyewe wanayaita Wazimu wa Machi. Katika timu hizo 68, timu 67 humaliza msimu kwa machozi au kwa kukosa hata nafasi ya kucheza tena, na moja tu ndiyo hucheka. Kwa hiyo anayependa timu ya chuo, hata iwe kubwa namna gani, karibu kila mwaka anajua ataumia. Anapenda hivyohivyo.

Mwaka 2020 mashindano yalifutwa kwa sababu ya Korona. Mwaka 2021 Kentucky ilishinda michezo 9 tu na kufungwa 16, ikakosa hata nafasi ya kuingia. Kwa hiyo ilipofika Machi 2022 watu wa jimbo lile walikuwa na njaa ya muda mrefu. Na safari hii walikuwa na Oscar Tshiebwe.

Hapa wasomaji wetu wa upande wa Kongo watanielewa. Oscar Tshiebwe ni kijana wa Lubumbashi. Msimu ule alikuwa akidaka wastani wa mipira 15 kila mchezo, ile inayokosa kikapu na kurudi kutoka kwenye ubao, na alitangazwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani nzima. Lexington ina Wakongo wengi, na Kiswahili si lugha ngeni katika mitaa yake. Sasa fikiria mtu aliyekulia Uvira na Mtabila anakaa ndani ya uwanja au mbele ya televisheni, na umati mzima wa Wazungu unaliimba jina la kijana wa Katanga.

Usiku ule walicheza Indianapolis na timu ya Saint Peter's, chuo kidogo cha Wajesuiti kutoka Jersey City, ambacho hakikuwahi kushinda hata mchezo mmoja katika mashindano hayo. Timu hupangwa kwa daraja katika kila kundi, kuanzia 1 hadi 16. Kentucky ilikuwa daraja la 2, Saint Peter's la 15. Dakika 40 ziliisha 71 kwa 71. Zikaongezwa dakika tano. Wale wadogo wakashinda 85 kwa 79. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kudaka mipira 16, na bado haikutosha. Kwetu huku ilikuwa inakaribia saa kumi alfajiri, na simu yangu ikaita.

Sasa nirudi kwenye kosa langu.

Mwanzoni mwa Mei mwaka uleule, timu ya mpira wa miguu ya shule yetu ilitolewa na shule jirani kwa penalti. Aliyekosa penalti ya mwisho ni kijana wa darasa langu. Baada ya mchezo nilimkuta nyuma ya choo cha shule, ameinamisha kichwa, mabega yanatetemeka. Nilikaa karibu naye juu ya tofali. Nikamwambia, "Pole, mwanangu." Sikumwambia neno jingine. Tulikaa pale mpaka wenzake walipokuja kumchukua.

Jioni ile nilipokuwa nachambua mchele nikakumbuka kwamba huyu kijana si ndugu yangu, nami nimempa pole kwa mpira, wakati ndugu yangu wa tumbo moja nilimnyima. Nikampigia wifi yangu kwanza, maana nilimwogopa mwenyewe.

Wifi alinisimulia mambo ambayo mdogo wangu hakuwahi kuniambia. Alipofika Marekani alipata kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo. Kiingereza hakujua. Kwa miaka mitano au sita, anasema wifi, watu walimpita kama wanavyopita nguzo. Siku moja mzee mmoja wa kazini akampa kofia ya buluu ya timu ile. Akaivaa kwa sababu kulikuwa na baridi, hakuwa na habari na mpira wowote. Kesho yake watu watatu wakamuuliza, "Uliona mchezo wa jana?" Hakuuona. Usiku uliofuata akauangalia ili apate jibu. Tangu hapo akawa na kitu cha kuzungumza na watu. Oscar alipokuja, wenzake kazini wakamtaka awafundishe kumsalimia kwa Kiswahili. Mtu aliyekuwa hajulikani hata jina akawa mwalimu, kama dada yake.

Ndipo nikalielewa lile neno alilolitumia alfajiri ile. Hakusema "wamefungwa". Alisema "tumefungwa". Sisi tuliorudi tunajua uzito wa kiambishi hicho. Nilipofika huku mwaka 2008 nilisikia watu wakisema "ninyi mliotoka Tanzania" kwa miaka mingi kabla hajatokea mtu wa kusema "sisi" na mimi nikiwemo. Ninaikumbuka siku yenyewe: ilikuwa mvua ya mawe iliyoharibu maharage ya kilima kizima, na jirani yangu akasema, "Mwaka huu tutalala njaa." Hasara ndiyo iliyoniingiza katika "sisi" ya hapa. Mdogo wangu naye, "sisi" yake ya kule ilitiwa muhuri na kufungwa.

Wifi akaniambia jambo jingine. Ijumaa ile jioni mdogo wangu alikwenda kazini kama kawaida. Hakuna aliyekuwa anazungumza. Yule mzee wa kofia alikuja akamshika mkono, akautikisa, akaondoka bila kusema neno, kama tunavyofanya sisi msibani. Yaani wageni walimpa mkono wa pole, na mimi dada yake nilimpa hotuba.

Ndugu zangu tuliorudi, tuna ugonjwa mmoja na inafaa tuutaje. Tunapima machungu kwenye mzani. Wa 1972 anamwambia wa 1993, "Wewe ulikaa kambini miaka mingapi?" Wa 1993 anamwambia wa 2015, "Ninyi mlikuta mahema tayari." Aliyebaki nyumbani anamwambia aliyekimbia, "Mlikuwa mnagawiwa unga wakati sisi tunalala porini." Na kila mmoja ana haki ya kuumia, lakini anaitumia haki hiyo kumnyang'anya mwenzake haki yake. Nimeliona hilo kanisani na kwenye vikao vya mashamba, na alfajiri ile nilililisikia likitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Ninyi wafanyabiashara wa mpakani mmetuzidi akili katika hili. Mama mwenye mzigo wa dagaa akinyeshewa njiani ukaoza, wenzake wa soko hawamwambii, "Hiyo si kitu, mwaka jana mimi nilipoteza gunia kumi za mchele." Wanampa pole, kisha wanamchangia mtaji kidogo kidogo ili keshokutwa arudi mezani. Mzani wao ni wa dagaa na mchele. Kilio hawakipimi.

Najua kuna msomaji atakayesema: "Mwalimu, unatukuza upuuzi. Kwenye mpira hakuna aliyekufa. Timu hiyo itacheza tena Novemba." Ni kweli. Hakuna aliyekufa, na Novemba walicheza tena. Lakini hoja yangu yenyewe inaanzia hapo.

Fikirini sisi tulifundishwa kushindwa kwa namna gani. Kwa wazazi wetu, upande ukishindwa, watu wake wanafunga mizigo. Tangu utoto wangu neno "kushindwa" lilikwenda pamoja na mtumbwi, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Hatukuwahi kuona kushindwa ambako mtu analia usiku, analala kwenye kitanda chake, anaamka kwenye nyumba ileile, na jirani aliyeshangilia upande wa pili bado anamsalimu. Ndiyo maana wengi wetu hatujui kushindwa kidogo. Tukikosa nafasi ya uongozi wa chama cha ushirika tunakihama chama. Tukishindwa kesi ya mpaka wa shamba tunavunja ujirani. Mwanafunzi akifeli mtihani mmoja anaacha shule.

Mtu anayelia kwa sababu timu yake imefungwa kwa pointi sita, kisha jioni akaenda kazini, anajifunza jambo ambalo mimi na yeye hatukufundishwa kambini. Anajifunza kwamba waweza kupoteza kitu unachokipenda na ukabaki mahali pako. Kama machozi hayo ni mepesi, basi tumshukuru Mungu kwamba kuna ndugu zetu ambao wamefika mahali pa kulia machozi mepesi.

Sisemi kila anayeumia kwa timu anaumia vizuri. Kuna anayemtafuta mchawi: refa, kocha, au kijana wa miaka 19 aliyekosa kikapu, akamtukana mpaka kwa mama yake. Na kuna vijana wetu wa hapa mpakani wanaoweka mtaji wa duka kwenye mkeka. Huyo akifungwa hulia mara mbili, na kilio cha pili hakihusiani na mapenzi ya timu hata kidogo. Mdogo wangu hakuweka hata senti.

Oscar Tshiebwe naye alituonyesha njia. Baada ya kipigo kile angeweza kuondoka kwenda kutafuta fedha katika mpira wa kulipwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwezi Aprili 2022 alitangaza kwamba anabaki Kentucky msimu mmoja zaidi. Alirudi palepale alipofungiwa. Machi 2023 walishinda mchezo wa kwanza, wakafungwa wa pili na Kansas State, 75 kwa 69. Hakupata ubingwa. Lakini hakuna mtu wa Lexington anayeweza kusema kijana yule aliwakimbia.

Na wale Saint Peter's waliomliza mdogo wangu? Walishinda michezo miwili zaidi, wakawa timu ya kwanza ya daraja la 15 kufika nane bora, kisha North Carolina ikawafunga 69 kwa 49. Siku kumi tu baada ya furaha yao, nao walikuwa wanalia. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kule, kila Machi, washindani 67 hulikubali hilo ndani ya wiki tatu.

Baada ya kuzungumza na wifi nilimpigia mwenyewe. Nilimwambia, "Mdogo wangu, nilikukosea. Pole kwa timu yako." Alicheka kidogo. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa, au nililizika pamoja na mengine.

"Dada," akasema, "uliniuliza kwa nini sikulia siku ya mama. Si wewe ndiye uliyenishika mkono pale kaburini ukaniambia mwanaume halii, watu wanatuangalia?"

Ni kweli nilimwambia hivyo. Nilikuwa na miaka 24, nilikuwa naogopa kwamba akianza yeye nami nitaanguka, na hakukuwa na mtu wa kutuokota. Nilimfungia machozi mwaka 2004, kisha mwaka 2022 nikamsimanga kwamba hakuyatoa. Tulilia wote wawili kwenye simu ile, kwa ajili ya mama. Muda wa maongezi ukaisha, akapiga yeye.

Tangu hapo kila Machi ninakesha naye. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Machi, 2024, saa saba usiku kwa saa za huku, aliniwekea simu mbele ya televisheni yake. Kentucky ilikuwa daraja la 3, inacheza na Oakland ya Michigan, daraja la 14. Kijana mmoja wa Oakland, Jack Gohlke, alifunga vikapu kumi vya pointi tatu tatu. Hata mimi nisiyejua mpira niliona msiba unakuja. Ikaisha 80 kwa 76, Kentucky nje.

Kimya kikawa kirefu. Niliwasikia watoto wake wakinong'ona nyuma. Mtoto wake wa kiume alikuwa analia, na nikamsikia baba yake akimwambia kwa Kiswahili chetu cha Uvira aje akae karibu. Hakumwambia anyamaze.

Nikasema, "Pole, mdogo wangu."

Akasema, "Asante, dada. Tulale sasa, mimi nina kazi kesho na wewe una watoto wa shule."

Basi. Ndugu msomaji, ukiona mtu analia kwa jambo unaloliona dogo, kijana wako kwa penalti, jirani kwa mbuzi, mdogo wako kwa timu ya ng'ambo ambayo huwezi hata kulitamka jina lake, mpe pole kwanza. Hesabu za nani kaumia zaidi zina miaka 50 hapa kwetu, na bado sijaona aliyezimaliza akapata faida.